Thomas Midgley: Aliondoa sumu ndani ya frigo, gesi yake ikabaki angani kuipasha dunia joto

Kwenye mpaka wa Kasindi, wilayani Beni, frigo huingia Congo zikiwa zimefungwa kamba juu ya malori, pamoja na magodoro, nguo na vyombo vya nyumbani. Nyingine ni mpya, nyingine zimekwisha kutumika Ulaya au Uarabuni. Zimeshuka bandarini Mombasa, zikapita Kampala na Mpondwe, zikavuka mto Lubiriha, na nyingi zitaendelea hadi Beni na Butembo.

Mnunuzi huuliza bei, huuliza kama inagandisha vizuri, huuliza inakula umeme kiasi gani. Ni wachache wanaoinama kusoma kibandiko kidogo kilicho nyuma, karibu na kompresa, kinachosema R12, R22, R134a au R600a. Hilo ni jina la gesi inayozunguka ndani ya mabomba na kuleta baridi. Baadhi ya gesi hizo, zikivuja, huipasha dunia joto kuliko moshi wa gari kwa mara elfu moja na zaidi.

Historia ya gesi hizo inaanza na mtu mmoja, injinia wa Marekani Thomas Midgley, aliyefariki tarehe 2 Novemba 1944. Jina lake halitajwi sana Kivu Kaskazini. Lakini kazi yake imeingia katika kila jiko lenye frigo, na pia katika hewa ambayo kila mtu anaivuta. Katika uhai wake alipewa medali kwa kuokoa watu. Miaka 30 baada ya kifo chake, dunia ilianza kuhesabu hasara.

Mtoto wa nyumba ya wavumbuzi

Thomas Midgley alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 huko Beaver Falls, katika jimbo la Pennsylvania, akakulia Columbus, jimboni Ohio. Baba yake, ambaye naye aliitwa Thomas, alikuwa mvumbuzi aliyeshughulika na matairi ya magari. Babu yake mzaa mama alijulikana kwa kutengeneza misumeno ambayo meno yake yanaweza kubadilishwa. Kijana huyo alikua akiona kwamba kitu kikisumbua, mtu hukaa chini akatafuta dawa yake.

Mwaka wa 1911 alimaliza masomo ya uinjinia wa mitambo katika chuo kikuu cha Cornell, na mwaka huo huo akaoa. Hakusomea kemia. Aliyoyajua katika fani hiyo, ambayo ndiyo iliyompa sifa, alijifunza mwenyewe akiwa kazini.

Mwaka wa 1916 aliajiriwa mjini Dayton katika kundi la Charles Kettering, mvumbuzi mashuhuri ambaye baadaye aliongoza utafiti wa kampuni ya magari ya General Motors. Kettering alimwona kijana huyo kuwa mtu asiyechoka. Akampa tatizo lililokuwa likiwasumbua watengenezaji wote wa magari wakati ule: injini zilizokuwa zikigonga ndani kwa sababu esansi iliwaka vibaya, zikapoteza nguvu na kuharibika mapema.

Plomb ndani ya esansi

Midgley na wenzake walijaribu vitu vingi sana, kimoja baada ya kingine. Tarehe 9 Desemba 1921 waligundua kwamba kiasi kidogo sana cha dawa yenye madini ya risasi, yale yanayoitwa plomb, kikitiwa ndani ya esansi, injini inatulia. Mwezi wa Februari 1923 esansi hiyo ilianza kuuzwa Dayton.

Kwamba plomb ni sumu lilikuwa jambo linalojulikana tangu zamani. Midgley mwenyewe aliugua kutokana nayo, na mwanzoni mwa 1923 alilazimika kuacha kazi kwa muda akapumzike mahali pa joto. Katika viwanda vilivyotengeneza dawa hiyo, wafanyakazi walianza kuchanganyikiwa akili, na zaidi ya 10 walikufa katika muda wa miaka michache. Mwezi wa Oktoba 1924 vifo vitano katika kiwanda kimoja cha New Jersey viliwashtua Wamarekani.

Ili kutuliza hofu, tarehe 30 Oktoba 1924 Midgley aliwaita waandishi wa habari. Mbele yao alijimwagia dawa hiyo mikononi, kisha akainusa kwa muda wa dakika moja. Alitaka kuonyesha kwamba haina hatari kwa mtu anayeitumia kwa uangalifu. Wengi walimwamini, na biashara iliendelea.

Esansi yenye plomb ilienea dunia nzima na kuharibu afya ya watoto kwa miongo mingi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka wa 2021, miaka 100 kamili baada ya jaribio la Dayton.

Frigo zilizokuwa zikiua

Kazi ya pili kubwa ya Midgley ilianza mwaka wa 1928, na safari hii ilikuwa juu ya baridi.

Frigo hufanya kazi kwa kanuni ambayo kila mtu anaijua kwa ngozi yake. Mtu akijipaka alkoholi mkononi, inapokauka mkono husikia baridi, kwa sababu kitu cha majimaji kinapogeuka hewa huchukua joto la mahali kilipokuwa. Ndani ya frigo, maji ya aina ya pekee hugeuka gesi na kuchukua joto la chakula. Kompresa, ile pampu inayonguruma chini, huibana gesi hiyo ili igeuke tena majimaji, na joto lile hutupwa nje kupitia mabomba ya nyuma. Kisha mzunguko unaanza upya.

Tatizo lilikuwa kupata kitu kinachogeuka hivyo kwa urahisi bila kumdhuru mtu. Katika miaka ya 1920 frigo za Marekani zilitumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili. Zote ni sumu, na baadhi huweza kuwaka. Bomba likipasuka usiku, familia iliweza kufa usingizini. Mjini Chicago, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, watu kadhaa walikufa kwa kloridi ya methili iliyovuja kutoka kwenye frigo za nyumba zao. Familia nyingine ziliamua kuweka frigo nje ya nyumba. Hata mwanafizikia Albert Einstein alishirikiana na mwenzake Leo Szilard kubuni frigo isiyokuwa na sehemu zinazosogea, ili gesi isipate pa kuvujia.

General Motors ilikuwa pia mwenye kampuni ya frigo ya Frigidaire, na ilijua kwamba biashara hiyo haiwezi kukua ikiwa watu wanaogopa kulala karibu na frigo. Kettering akamgeukia tena Midgley, akamwomba atafute gesi isiyo sumu na isiyoshika moto.

Simbilisi aliyebaki hai

Midgley alifanya kazi hiyo pamoja na wakemia Albert Henne na Robert McNary. Walichukua jedwali la elementi, ile orodha kubwa ambayo wanafunzi wa sekondari hubandikiwa ukutani, wakatazama ni zipi zinaweza kutoa gesi inayofaa. Macho yao yakatua kwenye florini. Wakemia wengi waliiogopa elementi hiyo kwa ukali wake. Lakini watatu hao walifikiri kwamba florini ikishikana na kaboni hushikana kwa nguvu sana, hivyo haitaachana nayo na kumdhuru mtu. Katika siku chache walikuwa wamepata njia ya kuitengeneza gesi waliyoitaka.

Ili kuijaribu, walimfungia simbilisi ndani ya hewa yenye gesi hiyo. Ni yule mnyama mdogo, cobaye kwa Kifaransa, anayefugwa jikoni katika nyumba nyingi za Butembo na Lubero. Simbilisi hakudhurika.

Hata hivyo, walipotengeneza gesi mara ya pili kwa kutumia chupa nyingine ya dawa ile ile, simbilisi alikufa. Walipochunguza waliona kwamba kati ya chupa tano walizokuwa wamenunua, moja tu ilikuwa na dawa safi. Nyingine zilikuwa na maji, na maji hayo yalizalisha sumu kali inayoitwa fosjeni. Kwa bahati, chupa safi ndiyo waliyoichukua kwanza. Kama wangeanza na mojawapo ya zile nne, pengine wangeiacha kazi hiyo siku ile ile.

Mwezi wa Aprili 1930, katika mkutano wa wakemia wa Marekani mjini Atlanta, Midgley alirudia mtindo wake wa kuonyesha kwa mwili wake. Aliivuta gesi ndani ya mapafu, kisha akaipuliza taratibu juu ya mshumaa unaowaka. Mshumaa ukazimika, naye akabaki amesimama. Kwa tendo hilo moja alionyesha mambo mawili: gesi haiui mtu, na haishiki moto.

Mwaka huo huo General Motors na kampuni ya kemikali ya DuPont ziliunda kampuni ya kuitengeneza. Jina la biashara likawa Freon. Wanakemia huziita gesi za familia hiyo CFC, kwa sababu ndani yake mna klorini, florini na kaboni. Ile iliyotumika zaidi katika frigo za nyumbani ndiyo iliyoandikwa R12 kwenye vibandiko.

Faida iliyokuwa ya kweli

Ingekuwa kosa kusema kwamba kazi hiyo haikuwa na maana. Baada ya Freon, frigo iliingia jikoni bila kuogopwa. Nyama, maziwa na samaki viliweza kukaa siku nyingi. Hospitali ziliweza kuhifadhi damu na dawa. Wakati wa vita vya pili vya dunia, gesi hiyo ilitumika hata kusukuma dawa ya kuua mbu kutoka ndani ya makopo waliyopewa askari wa Marekani katika nchi zenye malaria.

Wakaaji wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa sana thamani ya baridi. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, chanjo iliyotumika katika eneo hilo ilitakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Bila mitambo ya baridi kali, chanjo hiyo isingewafikia watu ikiwa nzima. Kwenye ziwa Edward pia, mvuvi wa Kyavinyonge asiye na barafu hulazimika kuuza samaki wake haraka kwa bei yoyote, au kuwakausha kwa chumvi na moshi.

Ndiyo maana Midgley alipewa heshima. Alipata medali ya Perkin mwaka wa 1937 na ya Priestley mwaka wa 1941, ambayo ni kati ya tuzo kubwa kabisa za kemia Marekani. Mwaka wa 1944 alikuwa rais wa chama cha wakemia wa nchi hiyo, ingawa hakusomea kemia chuoni. Hati za uvumbuzi zilizoandikwa kwa jina lake zilizidi 100.

Mwisho wa mtu na mtambo wake

Mwaka wa 1940, akiwa na umri wa miaka 51, Midgley alipatwa na polio, ambayo ilimlemaza miguu. Kama kawaida yake, alilichukua hilo kama tatizo la kiufundi. Alijitengenezea mtambo wa kamba na kapi juu ya kitanda, ili aweze kujiinua bila kubebwa na watu.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1944, nyumbani kwake Worthington, jimboni Ohio, alikutwa amekufa, shingo yake ikiwa imenaswa katika kamba hizo. Alikuwa na miaka 55. Wengi walisema ni ajali. Hati ya serikali kuhusu kifo hicho iliandika kwamba alijiua.

Chanjo ya polio ambayo ingemkinga ilitangazwa mwaka wa 1955, miaka 11 baada ya kifo chake. Hadi leo chanjo za polio hupelekwa vijijini zikiwa ndani ya vifaa vya baridi.

Alikufa akijulikana kama mfadhili wa wanadamu. Hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza gesi yake inakwenda wapi frigo inapokufa.

Gesi isiyokubali kufa

Sifa iliyoipendeza dunia mwaka wa 1930 ndiyo iliyokuja kuwa shida. Gesi ya Midgley haikuungana na kitu chochote: haikuwaka, haikuoza, haikuyeyuka katika mvua. Moshi wa kuni huoshwa na mvua baada ya siku chache. Gesi ya R12 ikitoka nje ya bomba hubaki angani kwa muda wa miaka kama 100. Sehemu ya gesi iliyovuja wakati Midgley angali hai bado iko juu ya vichwa vya watu leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza James Lovelock, kwa kutumia chombo alichokibuni mwenyewe, aliipima hewa ya baharini mbali na viwanda na kukuta gesi za CFC kila mahali. Mwaka wa 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland, waliofanya kazi California, walieleza kwamba gesi hizo hupanda polepole hadi juu sana. Huko mionzi mikali ya jua huzivunja na kuachia klorini, na klorini hiyo hula ozoni, ile tabaka inayowakinga watu dhidi ya mionzi inayoleta kansa ya ngozi. Mwaka wa 1985 Waingereza walitangaza kwamba juu ya bara la Antaktika ozoni imepungua vibaya mno kila majira ya kuchipua.

Habari ya ozoni ilijulikana sana. Habari ya pili haikupigiwa kelele nyingi. Mwaka wa 1975 mwanasayansi mzaliwa wa India, Veerabhadran Ramanathan, alionyesha kwamba gesi hizo hizo zinapasha dunia joto.

Dunia hupokea joto la jua mchana, na hulirudisha angani mchana na usiku. Mvuke wa maji na gesi ya kaboni, ile itokayo kwenye moto na injini, hukamata sehemu ya joto hilo kama blanketi. Lakini blanketi hilo lina tundu: kuna aina ya mionzi ya joto ambayo mvuke na kaboni huiacha ipite. Gesi za Midgley hukamata joto hasa kwenye tundu hilo. Ndiyo sababu kiasi kidogo chake kina nguvu kubwa. Kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja ya R12 iliyovuja hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani 10 za gesi ya kaboni.

Kutoka Montreal hadi Kigali

Kutoka makao yake makuu Nairobi, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, likiongozwa wakati huo na Mmisri Mostafa Tolba, lilisukuma mazungumzo ya kukomesha gesi hizo. Tarehe 16 Septemba 1987 mkataba ulitiwa sahihi Montreal, nchini Kanada. Baadaye nchi zote za dunia ziliukubali, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikiwemo. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza CFC katikati ya miaka ya 1990, na nchi zinazoendelea ziliacha mwaka wa 2010. Ozoni imeanza kupona polepole.

Viwanda vilitafuta gesi za kuchukua nafasi hiyo. Kwanza zilikuja kama R22, ambazo huharibu ozoni kidogo zaidi. Kisha zikaja HFC, gesi zisizo na klorini, ambazo haziharibu ozoni kabisa. R134a, iliyoandikwa nyuma ya frigo nyingi na inayotumika katika baridi za magari, ni mojawapo. Watu walifikiri kwamba tatizo limekwisha.

Lakini HFC ni watoto wa ukoo ule ule. Zina ile florini iliyoshikana na kaboni, na bado zinaziba tundu la blanketi. R134a hukaa angani miaka kama 14, muda mfupi ukilinganisha na R12. Hata hivyo, kilo yake moja ni sawa na zaidi ya kilo 1,300 za gesi ya kaboni kwa hesabu ya miaka 100. R404A, inayotumika katika vyumba vya baridi vya nyama na samaki, inakaribia 4,000.

Hesabu hiyo inaweza kuletwa hadi jikoni. Frigo ndogo ya nyumbani huwa na gramu kama 100 za R134a. Fundi akikata bomba na kuiacha gesi yote iende hewani, tendo hilo la dakika moja lina uzito sawa na kuchoma lita zaidi ya 50 za esansi, karibu bidoni tatu za lita 20.

Tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya mazungumzo ya usiku kucha, nchi 197 zilikubaliana kupunguza HFC. Mkutano huo ulifanyika Kigali, mji ambao jina lake husikika Kivu Kaskazini kwa habari nyingine kabisa. Makubaliano ya Kigali yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Kwa kundi ambalo nchi nyingi za Afrika zimo, matumizi ya HFC yalitakiwa kuacha kuongezeka kuanzia 2024, kisha yapungue hatua kwa hatua kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Wanasayansi wanakadiria kwamba yakifuatwa, yatazuia ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi mwishoni mwa karne hii.

Barafu ya Ruwenzori

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye Kasindi au Mutwanga huona milima ya Ruwenzori. Mwaka wa 1906, Midgley akiwa kijana wa miaka 17, Duke wa Abruzzi kutoka Italia alipanda milima hiyo na kuchora ramani ya barafu yake. Wakati huo ilifunika kilomita za mraba zaidi ya 6. Mwaka wa 2003 ilikuwa imebaki chini ya moja, na imeendelea kupungua.

Gesi za frigo peke yake hazikuyeyusha barafu hiyo. Sehemu kubwa ya joto la dunia inatokana na makaa ya mawe, mafuta na misitu inayokatwa, na wanasayansi wanasema kupungua kwa mawingu na unyevu katika milima yetu kumechangia pia. Lakini gesi zilizoanzia maabara ya Midgley zimo katika hesabu. Afrika imechangia kidogo sana katika hesabu hiyo, kwa kuwa frigo zake ni chache.

Sasa frigo zinaongezeka, na mji kama Kasindi ndio mlango wake. Frigo iliyochakaa Ulaya inapovuka mpaka, inavuka pamoja na gesi yake. Ikifa Beni au Butembo, gesi hiyo itatoka hapo hapo, na hakuna kiwanda cha kuipokea katika eneo hilo. Kwa njia hiyo nchi tajiri huondokewa na mzigo, na nchi ya mwisho kuipokea frigo ndiyo inayobaki nao.

Kuna mambo ambayo mnunuzi na fundi wanaweza kuyafanya bila kusubiri serikali. La kwanza ni kusoma kibandiko. Frigo ya R12 ni ya zamani sana, na gesi yake halali haitengenezwi tena. Frigo mpya nyingi za nyumbani hutumia R600a, ambayo ni ndugu wa gesi ya kupikia. Nguvu yake ya kupasha dunia joto ni ndogo mno, na mara nyingi inakula umeme kidogo. Lakini inashika moto. Haifai kutiwa ndani ya frigo iliyotengenezwa kwa R134a, wala kuchomelewa bomba lake likiwa bado na gesi.

La pili ni kuziba tundu kabla ya kujaza. Fundi anayeongeza gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta inapovujia anamlipisha mteja pesa ya kupuliza hewani. La tatu ni kutoikata bomba frigo iliyokufa. Kuna pampu za kuivuta gesi hiyo na kuirudisha ndani ya chupa, na gesi safi iliyovutwa inaweza kutumika tena. Pampu hizo ni ghali kwa fundi mmoja, lakini mafundi wa mtaa mmoja wanaweza kununua moja kwa pamoja.

Midgley aliuliza kama gesi yake itamuua mtu aliye chumbani, akapata jibu la kweli: haitamuua. Swali la pili, kwamba itakwenda wapi ikitoka chumbani, liliulizwa miaka 30 baada ya yeye kuzikwa. Fundi wa Kasindi anayeshika kisu cha kukata bomba leo analijua jibu lake tayari.